Kimya cha Lavinia

Chuo cha Merrow, Alabama
6 Februari 1927

Kwako Shangazi Lavinia,

Heshima zako nazitanguliza. Baba aliniambia kwamba ukifungua barua unatazama mwandiko kabla ya maneno, kwa hiyo hii nimeiandika polepole. Ukiona doa, ujue ni wino wa chuo, si mimi.

Nina kazi na nahitaji msaada wako. Tarehe ishirini na nne Aprili kanisa la chuo linatimiza miaka thelathini na mitano. Mkuu wetu, Dakta Gaines, anataka historia yake iandikwe na isomwe mbele ya wageni kutoka Boston na Philadelphia. Amenichagua mimi. Alisema, "Ozella, una kichwa cha kukaa na jambo, na damu ya jambo lenyewe unayo." Maana yake mimi ni mtoto wa kaka yako, na tena mwaka huu mimi ndiye mwimbishaji. Nadhani Baba hakukuambia. Anaogopa nitajivuna.

Sijivuni. Nikisimama pale benchi la tatu, upande wa wasichana, kuanzisha wimbo, najua kwamba ulisimama pale kabla yangu.

Sijui kama unakumbuka kanisa linavyokuwa kabla watu hawajaingia. Mimi huenda mapema ili nikae nalo peke yangu. Matofali hutoa ubaridi kama mtungi, na mabenchi yananuka mafuta ya kitani. Tunafundishwa kwamba kila tofali lilifinyangwa na mwanafunzi, na kwamba kila mmoja alibonyeza kidole gumba kwenye tofali bichi kabla halijaingia tanurini. Mpaka leo wanafunzi wapya, Jumapili yao ya kwanza, hupita ukutani wakitafuta alama inayoingia kidole chao. Yangu niliipata karibu na dirisha la mashariki. Nilisimama na kidole mle mpaka Idabelle, ninayelala naye chumba kimoja, akanivuta mkono: "Wee, ukuta hautakimbia. Twende tukale."

Sasa, hadithi tunayosimuliwa ni hii. Mwaka 1892 kuta zilikuwa zimesimama, paa hakuna. Wageni wa kaskazini wakaja Jumapili moja kukitazama chuo. Ukawaanzishia wimbo wa kuwakaribisha, mstari wa kwanza peke yako, kisha ukanyamaza kwa muda mrefu. Halafu mstari wa pili, chuo kizima kikaitikia, wageni wakalia, na kabla ya treni ya jioni fedha za paa zikawa zimeahidiwa. Tunauita Wimbo wa Paa. Kile kimya nacho kina jina. Kinaitwa Kimya cha Lavinia. Bi. Yancey, mwalimu wa muziki, hukifundisha kama anavyofundisha noti. Hupiga kidole kwenye paja lake, na ole wake anayeitikia mapema.

Ninachotaka kujua ni hiki: ulikitoa wapi? Ulifundishwa, au ulikibuni pale pale? Na kiwe kirefu kiasi gani? Sijasikia kitu kizuri kuliko hicho maishani mwangu, na sitaki kukikosea.

Mambo mengine hapa ni ya kawaida tu.

Mtoto wako,
Ozella Tarver


Pittsburgh
15 Februari 1927

Ozella mwanangu,

Mwandiko ni mzuri. Doa nimeliona.

Barua yako ilifika nikiwa na chanuo la moto mkononi, nikampa mteja anisomee. Alipofika penye "Kimya cha Lavinia" akageuka ghafla, nusura nimchome sikio. "Bi. Lavinia, kumbe una kimya? Mbona sisi hatujawahi kukisikia?" Saluni nzima ikacheka. Nami nikacheka.

Basi andika haya. Udongo ulitoka kijitoni, na sisi wasichana tuliubeba kwenye aproni. Aproni ziligeuka nyekundu mpaka tukasahau kwamba ziliwahi kuwa nyeupe. Mchungaji Sewell, mwanzilishi, suruali yake ilikuwa na viraka magotini, na watu wa mjini wakidhani ni kwa sababu ya sala. Alikuwa akipiga magoti kwenye matope, akifinyanga pamoja nasi. Andika pia juu ya majirani. Watu wale hawakuwa na kitu. Wanawake walituletea mkate wa mahindi na kunde, wakisema wamepika vikazidi, nasi tukijua kwamba nyumbani kwao hakuna siku kilichozidi. Mzee mmoja aliyezaliwa utumwani alimleta ng'ombe wake kutukanyagia udongo, na kila jioni alikuja kutazama ukuta umefika wapi. Ulipompita kimo akavua kofia. "Sasa sioni ng'ambo," akasema. "Vizuri."

Tao la mlango lilijengwa na Prentiss Oakes, mwashi, mwanafunzi mwenzetu kutoka ng'ambo ya mto. Liandike jina lake. Hata ukikosa nafasi ya mengine, hilo liandike.

Kuhusu kile kimya, mwambie Bi. Yancey alipumzishe paja lake. Sina la kusema. Ni mambo ya zamani.

Mkuu wako naye ameniandikia, ananialika sherehe, benchi la mbele. Nimemjibu kwamba magoti yangu hayaelewani na treni.

Umesema mengine ni ya kawaida tu. Mimi kazi yangu ni vichwa vya wanawake, Ozella. Mtu akikaa kwenye kiti changu akaniambia "ya kawaida tu", namfunga taulo shingoni, nanyamaza. Atasema mwenyewe.

Shangazi yako,
Lavinia


Chuo cha Merrow
20 Machi 1927

Shangazi,

Nimechelewa kukujibu kwa sababu kila barua niliyoianza ilikuwa ya uongo.

Kila Jumapili jioni wageni weupe huja na magari yao kutusikiliza. Mabenchi ya mbele huwa yao. Wakimaliza huenda kula kwenye nyumba ya wageni, ambako hata walimu wetu hawaketi nao. Msimu uliopita bibi mmoja aliyevaa manyoya alimshika Idabelle mkono baada ya ibada, akamwomba arudie "pale mnapoomboleza," kwa kuwa alikuwa akitafuta miwani yake na pakampita. Idabelle alirudia. Chumbani akakaa kitandani bila kuvua koti. "Niliimba, Ozella. Ningeweza kusema hapana, nikaimba. Hilo ndilo linaloniuma."

Wazo lilianzia hapo. Siku ya sherehe mimi nitaanzisha Wimbo wa Paa kama kawaida. Kitakuja kile kimya chako. Na hapo hapo tutabaki. Hakuna mstari wa pili, hakuna atakayeitikia. Tutasimama mbele ya wageni midomo imefungwa mpaka waanze kutafuta kofia zao. Mwaka wa nne wote wamekubali. Bila mimi haliwezekani, maana mwimbishaji ni mmoja. Nimewapa mkono wangu.

Shangazi, hakuna mtu duniani ninayemtazama kama ninavyokutazama wewe. Na nimekubali kuchukua kimya chako na kuua wimbo wako ndani yake, kwenye kanisa ulilolibebea udongo. Dakta Gaines akijua kwamba lilipangwa hatanipa cheti. Shule ya Salter's Bend inaningoja Septemba, na bila cheti hawatanipokea. Baba amekuwa akikisubiri cheti hicho tangu nilipojua kusoma. Lakini si hofu ya cheti inayoninyima raha. Nikijitazama ndani naona wasichana wawili, na kila mmoja ana haki.

Niambie nisifanye, nami nitawarudishia mkono wao. Au niambie nifanye.

Ozella


Pittsburgh
29 Machi 1927

Ozella,

Sitakuambia ufanye, wala usifanye. Nitakuambia kilichotokea.

Prentiss alimaliza tao siku ya Alhamisi. Likabaki kutolewa zile mbao zinazolishikilia tao likiwa bichi. Hiyo ndiyo saa ambayo mwashi hujua kama kazi yake itasimama. Hakutaka mwingine apande badala yake. Akazitoa mbao moja moja, na tao likasimama. Jukwaa alilosimama juu yake ndilo lililokatika.

Alifariki kabla ya Ijumaa kupambazuka. Mimi na yeye tulikuwa tumekubaliana, na babu yako alikuwa amekwisha kupelekewa salamu za posa. Sasa unajua kwa nini jina la Tarver ninalo hadi leo.

Wageni walitarajiwa Jumamosi. Ikaja telegramu kwamba mafuriko yamefunga reli, hawaji. Kwa hiyo Jumapili tukamzika. Jeneza tuliliweka ndani ya zile kuta, juu yetu mbingu tupu. Unajua desturi yetu. Wimbo wa maziko huanzishwa na aliye karibu zaidi na marehemu, na hakuna ruhusa ya kuuchukua kinywani mwake. Akikwama, anangojwa.

Nikaanzisha. Mstari wa kwanza ukatoka, kisha sauti ikaisha. Hakikuwa kituo cha muziki, mwanangu. Nilisimama mdomo wazi na hakikutoka kitu. Nao wakaningoja. Mchungaji Sewell alingoja, wapishi walingoja, yule mzee wa ng'ombe alingoja na kofia kifuani. Hakuna aliyekohoa. Hakuna aliyevuma chini kwa chini ili kunisaidia, hakuna aliyenishika bega. Niliona ndege akipita pale palipotakiwa kuwa na paa, akaenda mpaka akapotea, nao bado wananingoja. Sijapata kuona heshima kama ile, wala sitaiona tena. Halafu mstari wa pili ukaja wenyewe, nao wakaingia chini yangu kama watu wanavyoingia chini ya mzigo.

Wageni walikuwa wamefika. Maji yalipungua, treni ikapita, wakatembea kutoka stesheni na kusimama nje, chini ya tao, nyuma ya watu wote. Waliona migongo yetu tu. Mchungaji alipowafuata, walikuwa wakilia. Wakamuuliza, huu ni wimbo gani? Akawatazama, akatazama juu palipokuwa wazi. Akasema, "Hivi ndivyo watoto wetu wanavyopokea wageni."

Hakunificha. Alikuja mwenyewe, kofia mkononi. "Lavinia, sema neno moja tu, nitawaambia ukweli kabla treni haijaondoka." Mawingu yalikuwa yanajikusanya upande wa magharibi. Nikamwambia awaache. Kwa hiyo sitaki mtu amlaumu, na paa silijutii. Watoto waliofuata hawakulowa.

Ila wimbo ule sikuuimba tena. Magoti yangu hayana ugonjwa wowote.

Rafiki zako wana haki ya kukasirika. Hata mimi bibi wa manyoya ningempa jibu. Lakini sasa unakijua unachokishika mkononi.

Lavinia


Chuo cha Merrow
25 Aprili 1927

Shangazi mpenzi,

Niliwasomea barua yako wenzangu wa mwaka wa nne kwenye chumba cha kufulia nguo, mlango umefungwa. Idabelle alikuwa amekaa juu ya meza ya kupigia pasi. Nilipomaliza akasema, "Kumbe tumekuwa tukipimiwa kilio cha mtu kwa kidole."

Mvulana mmoja akasema hiyo ni sababu zaidi ya kunyamaza. Idabelle akamgeukia: "Tukinyamaza tukaishia hapo tutakuwa tumemwacha. Wao hawakumwacha, kaka. Walimngoja. Wewe hujui tofauti?" Akasema anajua. "Basi iseme." Akakaa chini. Tulibishana mpaka kengele ya chakula, na tulipotoka tulikuwa kitu kimoja.

Jana kanisa lilijaa mpaka madirishani. Nilisoma kurasa alizozipitisha Dakta Gaines: udongo, aproni, viraka vya Mchungaji, yule mzee na kofia yake. Wapishi waliokuwa wamesimama nyuma walicheka kwa yale mapishi yaliyozidi. Nikasoma jina la Prentiss Oakes. Nilipofika kwenye paa nikaziweka karatasi chini, nikasema yaliyobaki kwa kinywa. Sikulaumu mtu. Nikasema wimbo huu ni wa Prentiss, na leo tutauimba kama ulivyoimbwa.

Wanafunzi wote wakasimama, wakageuka wakaelekea mlangoni, kwenye tao. Wageni wakabaki na migongo yetu. Nikaanzisha. Niliapa sitauiga uchungu wako, kwa sababu si wangu. Ilipofika pale pa kimya nilitazama tu tao alilolijenga, na mwanga uliokuwa ukipita chini yake, na nikawaza kwamba kila siku kwa miaka minne nimepita chini ya mikono ya mtu nisiyemjua. Sauti ikagoma kweli. Sikuwa nimeipangia. Nao wakaningoja, Shangazi. Niliona visogo vyao tu, lakini niliwasikia wakiningoja. Sasa najua ulichokiona.

Kisha mstari wa pili ukaja, wakaingia chini yangu.

Mgeni mmoja alichukua kofia yake akatoka. Wengine walilia, kama wanavyolia siku zote. Bibi mmoja akanifuata nje: "Desturi nzuri sana hiyo ya kugeuka. Mliianza lini?" Nikamjibu, "Leo, Mama."

Dakta Gaines ameniita asubuhi hii. Hakupaza sauti, na ningependa angepaza. Alisema, "Hadithi ile nimeisimulia katika kumbi nyingi kuliko umri wako. Kitanda unacholalia kimetoka ndani yake." Cheti changu kiko mezani kwake, kimeandikwa jina tayari. Amesema hakitaondoka pale mpaka umjibu barua atakayokuandikia.

Usimjibu kwa ajili yangu. Mjibu unavyotaka.

Ozella


Ofisi ya Mkuu, Chuo cha Merrow
27 Aprili 1927

Bi. Lavinia Tarver,

Naandika kwa uzito mkubwa. Binti wa kaka yako amesema mbele ya wageni wetu jambo ambalo halimo katika kumbukumbu yoyote ya chuo hiki. Wadhamini wameniuliza kama nimekuwa nikiwadanganya.

Mimi sikuwapo mwaka ule. Nilikabidhiwa hadithi siku niliyokabidhiwa funguo, na nimevitunza vyote viwili kwa uaminifu. Kama Ozella amebuni, sina budi kumnyima cheti, ingawa hakuna mwanafunzi ninayejivunia kama yeye. Kama hakubuni, basi nimekuwa nikisimama mbele ya watu na kuuza kilio cha maziko, na sijui nitaingiaje kanisani Jumapili.

Naomba neno moja tu kutoka kwako. Je, ni kweli?

Wako kwa heshima,
Ambrose Gaines


Pittsburgh
3 Mei 1927

Dakta Gaines,

Ni kweli. Uliomba neno moja, nimekupa mawili.

Kanisani ingia kama kawaida. Hukuuza kitu. Ulipewa mfuko uliofungwa, ukaubeba vizuri. Mimi ndiye niliyekuwa na haki ya kuufungua, na sikuufungua mpaka mtoto huyu aliponiuliza swali ambalo nyote mlikuwa mkilijibu kwa kidole.

Wadhamini waambie hivi. Wenzao waliotoa paa hawakudanganywa na masikio yao. Walisikia watu maskini wakimngoja mwenzao, wakaona kwamba watu wa namna hiyo hawafai kunyeshewa. Jina la walichokisikia hawakulijua, lakini walisikia sawasawa. Kama hayo hayatoshi kwa hawa wa leo, paa lipo, hawawezi kulichukua kwenye treni.

Na Bi. Yancey nampenda bila kumjua. Mtu aliyekitunza kilio changu miaka yote hii bila kujua ni kilio, asinyang'anywe kazi. Aambiwe tu.

Kuhusu Ozella: nitakuja siku ya mahafali. Nitakaa benchi la tatu, upande wa wasichana. Kama cheti chake hakijatoka, nitaendelea kukaa. Nina chakula cha njiani na sina haraka.

Lavinia Tarver


Salter's Bend, Alabama
12 Juni 1927

Shangazi,

Nimefika kuitazama shule yangu. Ina chumba kimoja na jiko lisilo na mlango. Cheti nimekitundika ukutani ili watoto wajue mwalimu wao hakujitokea tu, na mwenye nyumba ninakopanga amekitazama sana, kisha akauliza kama najua pia kukamua ng'ombe.

Siku ya mahafali, uliposimama na kuanzisha wimbo mwenyewe, Baba alitoka nje akisema anakwenda kuwaangalia nyumbu. Alikuja kwa treni. Idabelle anakusalimu na anauliza: safari hii ulichelewa kwenye mstari wa pili kwa sababu ya uchungu au ya uzee? Nimemwambia akuulize mwenyewe kama ana ujasiri. Anasema hana.

Nilipita chuoni kuchukua vitabu vyangu. Msichana atakayekuwa mwimbishaji mwakani alikuwa akimuuliza Bi. Yancey kimya kiwe kirefu kiasi gani. Bi. Yancey aliweka mikono nyuma ya mgongo, akamwambia, "Keti kwanza. Nikusimulie habari za mwashi mmoja."

Umesahau miwani yako kwenye benchi. Dakta Gaines ameifunga kwa leso yake na kuiweka mezani, pale pale cheti changu kilipokuwa. Nilimwambia anipe niipeleke posta, maana utaihitaji. Akaisogeza upande wake.

"Hapana," akasema. "Aje aichukue Septemba, wanafunzi wapya wakifika. Tutamngoja."

Ozella